Chumvi ya Kuanzia

Nyumbani Profesa alikuwa mama mkwe wake, kazini alikuwa mkuu wake, na tangu aolewe mkamwana hakuwahi kumpandishia sauti, si huku wala kule. Mbele za watu alimwita Profesa. Wakibaki wawili maabara, alimwita Mama.

Walikuwa wakitengeneza unga mweupe wa zirkonia, ule unaofinyangwa na kuchomwa kuwa meno ya bandia. Fuwele za unga huo zilitakiwa ziwe ndogo mno, maelfu yake yatoshe kujipanga kwenye unene wa unywele mmoja, maana zikinenepa jino hufanya nyufa. Walichopishania ni chumvi ya kuanzia, ile ya kikemia inayochomwa mpaka iwe unga huo. Profesa alikuwa amezeekea kwenye kloraidi. Mkamwana alisema kloraidi huacha mabaki yanayofanya fuwele zishikane na kukua, hata uzioshe vipi, na akaomba waanze na naitreti.

"Zote zinaishia oksaidi, mwanangu," Profesa alimjibu. "Moto hauulizi umetoka wapi."

Lakini alimruhusu ajaribu, shingo upande.

Tatizo la naitreti ni kwamba hubeba oksijeni yake yenyewe. Ukiichanganya na asidi ya limau, kama walivyofanya, asidi inakuwa kuni, na mchanganyiko ukipata joto jingi kwa pamoja unajiwasha bila kiberiti. Kloraidi haina mambo hayo. Hukauka kimya kimya. Asubuhi hiyo, kabla hawajatoka nyumbani, mkamwana alimweleza Profesa yote haya. Profesa alikuwa ameinama akimvalisha viatu mjukuu wake, ambaye kwa utani wa bibi alimwita "mume wangu", na mume huyo alikuwa amegoma kuvaa cha kushoto. Profesa aliitikia eeh, eeh. Kumbe aliyekuwa akiitikiwa ni mtoto.

Maabara, mkamwana aliuchemsha mchanganyiko taratibu mpaka ukawa rojo zito kama asali. Akalimimina kwenye sinia na kuliacha mezani, akikusudia kulikausha kijiko kimoja kimoja ndani ya kabati la kuvutia moshi. Mara akaitwa stoo kupokea mitungi ya gesi. Aliporudi, sinia halikuwepo.

Profesa alikuwa amekaa mbele ya oveni, miwani puani, anasoma. Akasema bila kuinua uso kwamba wageni wa hospitali ya meno wangefika mchana kuchukua unga, na rojo lilikuwa limelala tu, kwa hiyo amelitia lote ovenini, kwa moto ule ule wa siku zote, wa kloraidi.

Mkamwana akatazama mshale wa joto. Kisha akatazama tundu la hewa juu ya oveni. Uzi wa moshi wa kahawia ulikuwa umeanza kutoka.

Akanyoosha mkono nyuma ya kiti na kuzima umeme ukutani.

"Umezima nini?" Profesa akauliza.

Akamwambia kwa upole kwamba ile ni naitreti, kwamba watoke kwanza. Profesa alimkata jicho. Akasema moshi ule ni uchakavu wa oveni, na kwamba yeye alianza kukausha rojo kabla mwenzake hajajua kusoma. Akainuka, akawasha umeme tena, akarudi kwenye kiti chake, magoti yakikaribia kugusa mlango wa oveni.

Mkamwana hakugusa swichi tena. Alijua hata wangezima, rojo limeshameza joto la kutosha na sasa linajipasha lenyewe. Alifikiri kumshika mkono amvute. Mkono ukamwishia hewani. Alifikiri kupiga kelele, na adabu ya miaka yote ikamzuia. Kila neno la kikemia alilokuwa nalo alishalisema, na yule mama alikuwa anageuza ukurasa.

"Mama," akasema, "wamepiga simu kutoka chekechea. Mumeo ameanguka."

Kitabu kikaenda chini. Profesa alitoka mbio kiasi cha kuacha kiatu kimoja mlangoni, na mkamwana akatoka nyuma yake akiuvuta mlango. Walikuwa hawajafika ngazini oveni ilipolipuka.

Waliporudi kuchungulia, moshi ulipokwisha kupungua, mlango wa oveni ulikuwa umeng'oka na kulala juu ya kiti, na kiti kilikuwa kimevunjika. Unga ulikuwa umetapakaa mpaka darini, mwingine mweupe, mwingine mweusi kama masizi. Profesa hakuutazama.

"Mtoto je?"

"Mtoto mzima, Mama. Nimekudanganya."

Profesa alishika ukuta, kisha akateremka polepole mpaka akakaa sakafuni. Ndipo akalia.

Wageni walirudi mikono mitupu, na Profesa ndiye aliyewaambia kwamba kosa ni lake. Unga waliokusanya kutoka kuta za oveni waliupima. Fuwele zake nyingine zilikuwa ndogo kuliko zote walizowahi kupata, nyingine zimeyeyukiana na kuwa mabonge, kwa vile moto ulikwenda ovyo. Haukufaa kwa jino la mtu.

Nyumbani Profesa hakumsemesha. Alipitishia maneno kwa mwanawe, mwambie mkeo chai imepoa, ilhali mke yuko hapo hapo anaimimina. Mwanawe alikuwa akipeleka ujumbe kama mtumishi wa posta.

Hatimaye, asubuhi moja mkamwana akiwa mbele ya kabati la moshi, Profesa alikuja akasimama kando yake. Rojo la kijiko kimoja lilikuwa kwenye bakuli; likavimba, likawaka mara moja, likaacha povu jeupe jepesi. Profesa akauliza, wakitumia asidi pungufu, moto utapungua? Utapungua, mkamwana akasema, na fuwele huenda zikabaki ndogo. Akauliza tena, na tena, na mkamwana akajibu yote.

"Siku nyingine nivute mkono," Profesa akasema. "Nitukane ukitaka. Mtoto usimtaje."

"Simtaji tena, Mama."

Profesa akavaa glavu, akachukua kijiko cha pili.