Wa Kuhesabiwa Tu

Hadji alipenga kamasi nyeusi za ugoro, akajifutia vidole kwenye jamvi la wageni, kisha akatamka kwa sauti tamu: "Katika Rumonge hii, kila mtu ni mtu."

Batuli, mtumwa wake, aliyasikia hayo jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, na moyo ukamruka. Mjerumani wa boma la Usumbura alikuwa amewataka wazee waandike sheria za mji wao mpya; ufuko angeugawa kwa kadiri ya watu wa kila nyumba. Mzee Asmani, mpinzani wa Hadji, alikuwa amemwapia Batuli: "Dada yangu, nitahakikisha hata walionunuliwa wana kauli barazani. Aziza, binti yako, hataozwa bila wewe kuulizwa." Kwa ahadi hiyo Batuli aliwapara samaki wa leo, mikeke wa ziwani, kama anayepikia harusi.

"Kama watumwa wako ni watu," Asmani alifoka, "basi nao waseme!"

"Waseme? Nani atapika?"

Baraza zima likacheka. Wakabishana mpaka makoo yakakauka, kisha wakaanza kunong'ona, na hapo Batuli akaacha kukoroga.

"Haya," alisema Asmani, sauti imelainika kama ndizi iliyooza. "Ufuko ukigawiwa, watumwa wahesabiwe watu. Kauli ibaki kwa mabwana zao. Nami nipewe upande wenye michikichi."

"Na binti wa mpishi?" mmoja akachokoza.

"Ana bwana wake," Asmani akajibu, macho kayatupa ziwani.

Batuli akaanza kupakua. Hadji, pamoja na kamasi zake, angalau hakuwahi kumwita dada.

Mwafaka wao hufungwa kwa kula sinia moja, na mpishi huonja kwanza mbele ya wote, asiwepo wa kumshuku mwenzake. Batuli akaliweka sinia katikati, samaki wakiogelea katika mawese, akasimama wima.

"Onja basi, tule," Hadji akaamuru.

"Anayeonja huwasemea wengine, bwana, kwamba chakula ni salama. Mimi mmeniandika wa kuhesabiwa tu."

"Batuli, dada yangu," Asmani akabembeleza, mate yamemjaa, "tonge moja tu!"

Batuli akakaza kilemba chake, akatoka kwenda kumtafuta Aziza.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Inzi akatua kwenye jicho la samaki, akafikicha miguu, akaonja. Wazee wote wa mji wakainama juu ya sinia, pumzi wamezibana, waone kama atakufa.