Mwanamke wa Tano

Moraa alikuwa akibandika anwani kwenye maboksi pale meneja Craig alipomjia na glavu kubwa ya ngozi. Timu ya ghala ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ilikuwa na wanaume tele, lakini ligi yao ya mchanganyiko ilidai wanawake watano uwanjani, na mmoja alikuwa ameteguka mguu.

"Jumapili una nafasi?"

Moraa alikuwa kibarua wa ajensi. Kila jioni alingoja meseji imwambie kama kesho kuna kazi. Angekataaje?

Jumapili, kwenye uwanja wa Stechford, huko ughaibuni walikohamia, Mzee Rajinder, dereva wa foklifti, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, akamrushia mpira. Ukamchoma kiganja.

"Mzee, hili ni jiwe! Si walisema ni soft?"

"Zamani ulikuwa laini. Jina tu ndilo limebaki." Rajinder akacheka. "Mchezo ulianzia Chicago, ndani ya ukumbi, msimu wa baridi. Vijana walikuwa wanangoja matokeo ya mechi. Mmoja akarusha glavu ya ndondi, mwenzake akaipiga kwa mpini wa ufagio. Basi wakaifunga kamba, ikawa mpira."

"Na sisi wanawake tuliingia lini?"

"Mapema tu. Viwanda vya huko vilikuwa na timu za wanawake. Hata Olimpiki, softiboli ni yenu peke yenu."

Moraa akazidi kuuliza: mbona mpira unarushwa kutoka chini? Nani alipanga hizo bezi, vituo vya kukimbilia? Mechi ilipoanza akadaka mpira wa juu kabisa, na timu nzima ikashangilia jina lake.

Kabla ya zamu yao ya mwisho ya kupiga, mpiga picha akafika. Craig akawapanga watu, kisha akamgusa Moraa begani.

"Samahani, hii ni ya jarida la kampuni. Wafanyakazi wetu tu. Unaelewa."

Moraa akasogea pembeni. Rajinder, aliyekaribia kustaafu, akabaki kwenye mstari akitazama nyasi.

Picha ikapigwa.

"Moraa, ni zamu yako!" Craig akaita, amemnyooshea gongo.

Moraa alikuwa kwenye benchi, anavua glavu. Alijua meseji ya jioni huenda isije.

"Ajensi haijanipangia kazi leo," akasema kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie.

Mwamuzi akahesabu wanawake. Akahesabu tena.

Moraa akamgeukia Rajinder. "Mzee, sheria inasemaje wakipungua?"

"Hiyo sijawahi kuiona," akasema Rajinder, akaketi kando yake. "Hebu tuangalie."