Noti Tisini na Sita za Chiu-yen

Itangazwe kwa walio hai na kwa marehemu, kwa waketio vitini na kwa waketio sakafuni, kwamba siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba wa kalenda ya kale, saa kumi na mbili kamili jioni, nyumba ya Bi. Chiu-yen, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Gangshan, ilianza kulipa madeni yake yote, hadi senti ya mwisho, kwa heshima na mbele ya mashahidi.

Hiyo ilikuwa ratiba. Ilipotimu saa kumi na mbili na robo, Bi. Chiu-yen alikuwa amepiga magoti barabarani, nyusi zimebabuka, akichokoa majivu kwa koleo la jikoni.

Madeni yenyewe aliyaacha mumewe, Kuo-tung, mtu mwema aliyefungua kibanda cha chai ya barafu. Kibanda kilidumu miezi saba. Wateja walikipenda mno, hasa waliokunywa kwa mkopo. Kilipokufa kiliacha yatima watatu: deni la mashine ya barafu, deni la pango, na dola elfu sitini za dada yake Kuo-tung, A-luan; jumla elfu tisini na sita. Kuo-tung akapanda treni kwenda kaskazini kufunga nondo kwenye majengo, akawa anatuma hela ya kula. Ya kulipa ikabaki kwa mkewe.

Chiu-yen alifungasha skrubu kiwandani. Mshahara wake ulipitia benki, na benki ilikuwa ikiung'ata kila mwezi kwa ajili ya kadi ya mkopo ya mumewe, aliyoidhamini, kabla yeye hajauona. Lakini hela ya saa za ziada ililipwa mkononi, ndani ya bahasha ya kaki. Hiyo ndiyo aliyoiweka. Kila mwezi noti sita za elfu moja, zile za buluu. Alijinyima kusuka nywele, akajinyima jino la dhahabu, akawa anakunywa maji ya moto na kuyaita chai. Dawa ya deni ni kulipa, na Chiu-yen aliinywa dawa hiyo kwa kijiko, miezi kumi na sita.

A-luan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na kumbukumbu nzuri. Akija kula Jumapili, alimwekea wifi yake kipande kinono bakulini na kusema, "Kula, wifi, kula. Ukishiba ndiyo utapata nguvu za kunilipa." Wote walicheka. Chiu-yen alicheka pia, kisha akakisukuma kile kipande ukingoni mwa bakuli.

Kulikuwa na suala la mahali pa kuzificha. Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, ambaye tutamwita Bibi, mwanamke mwenye macho ya afisa forodha. Bibi alikagua pipa la mchele. Alifagia hadi chini ya magodoro. Alifungua barua za watu "zisije zikaoza." Chiu-yen akawaza siku tatu, kisha akapata jibu lililompendeza mpaka akacheka peke yake. Chini ya madhabahu ya mababu palikuwa na kabati la karatasi za fedha, zile wanazochomewa wafu wapate cha kutumia huko waliko. Hakuna mwizi anayeiba pesa ya wafu, ataitumia wapi? Akalifungua bunda moja, akatoboa nafasi katikati, akatia noti zake, akalifunga kwa mpira mwekundu na kulisukuma nyuma kabisa.

Hakumwambia mtu. Alificha pesa ya walio hai katika sefu ya marehemu, wala asimwambie mwenye funguo.

Siku ya kumi na tano ikafika, siku ambayo mizimu isiyo na kwao hutembea mitaani na njaa, na kila nyumba huitandikia meza mlangoni. Chiu-yen aliamka alfajiri, akapanga kuku mzima, tambi za pakiti, biskuti na soda. Akaweka beseni la maji na taulo jipya, mizimu inawe uso baada ya safari. Akanunua mabunda kumi na moja ya karatasi, akayapanga kando ya pipa jekundu la kuchomea. Yalitosha kabisa. Kisha akapanda pikipiki yake kwenda zamu. Jioni A-luan angekuja kuchukua chake, na asubuhi yake wale wengine wawili wangelipwa.

Nyumbani walibaki Bibi na mjukuu wake, Yun-tsen, binti wa Chiu-yen, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni. Huyu alikuwa msichana mpole, msomi, mwenye tabia njema, na hatuna haja ya kumzungumzia zaidi.

Saa kumi na moja na nusu Bibi aliwasha moto. Ng'ambo ya barabara, Mama Tsai naye alikuwa amewasha wake.

"Mama Tsai!" Bibi aliita. "Mwaka huu mna nini? Mbona moshi mwembamba hivyo? Mizimu itadhani mnakaanga yai."

"Mwembamba? Tunachoma mabunda kumi na tano, shoga. Nyie mna mangapi?"

Bibi alitazama mabunda yake kumi na moja. Akatazama ng'ambo.

"Bado tunahesabu," alisema, akaingia ndani.

Alikomba kabati lote. Alipata matatu mazima, na moja la nyuma lenye mpira mwekundu. Kumi na tano. Ngoma droo, lakini angalau haikuwa aibu. Akayatia yote motoni, lile la mwisho akilipapasa kwanza kwa kuridhika.

Chiu-yen alifika na jasho la kiwandani, A-luan akimfuata nyuma kwa pikipiki yake, kifuani amevaa mkoba mtupu wenye zipu.

"Leo nimekuja na mkoba mkubwa, wifi," alisema A-luan. "Usinione mroho. Mdogo uko kwa fundi."

"Kaa, unywe maji. Dakika moja tu."

Chiu-yen aliingia ndani akitabasamu. Akapiga magoti mbele ya madhabahu, akafungua kabati. Akaingiza mkono. Akaingiza hadi kwapani. Akaingiza kichwa.

Alitoka mlangoni taratibu sana.

"Mama, lile bunda la nyuma kabisa liko wapi?"

"Lipi?"

"Lenye mpira mwekundu."

"Aa, lile! Nimeshawapelekea." Bibi alielekeza kidevu kwenye pipa. "Lilikuwa bunda zuri, zito. Siku hizi wenye maduka wanabana karatasi, lakini lile walijaza kweli."

Chiu-yen alipauka uso mpaka A-luan akainuka kitini. Kisha miguu yake ikakimbia, yeye mwenyewe akiwa bado hajaamua, na mkono wake ukazama ndani ya pipa.

"Wewe! Utaungua!"

"Mama, mlikuwa na elfu tisini na sita humo!"

"Si ndiyo nawaambia lilikuwa zito? Wenyewe watafurahi…"

"Si za wafu, Mama! Za watu! Za watu walio hai!"

Bibi alimtazama mkwewe. Akalitazama pipa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa akatafuta pa kuketi. Pa karibu palikuwa beseni la mizimu. Aliketi ndani yake, maji yakamwagika pande zote, na hakuna aliyecheka. Hata Bibi mwenyewe hakuonekana kujua kwamba amelowa.

Ng'ambo ya barabara Mama Tsai alisimama, karatasi mkononi.

"Elfu tisini na sita?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Basi. Mmeshinda."

A-luan alifungua zipu ya mkoba, akaifunga. Akaifungua tena. Aliposikia koleo la Chiu-yen likigusa kitu kigumu majivuni ndipo alipopiga ukelele.

"Usivunje! Wifi, usiguse, usivunje! Kuna ofisi ya serikali Taipei. Mume wa mwenzangu kazini alisahau noti ndani ya oveni. Wale watu wana vibano na miwani mikubwa, wanabandua moja moja, wanazihesabu, na benki inakubadilishia. Lakini ukizivunja, kwaheri!"

Basi wakaliopoa kwa mwiko wa kukaangia samaki, donge jeusi la ukubwa wa sabuni ya kufulia, wanawake watatu wakizuia pumzi. Wakalilaza kwenye pamba, ndani ya kopo la keki. Hakuna aliyethubutu kulichungulia. Asubuhi Chiu-yen aliomba ruhusa kazini, akapanda treni akiwa amelipakata kopo hilo kama mtoto mwenye homa, akarudi jioni mikono mitupu. Majibu yangekuja kwa simu.

Siku tisa zilizofuata, nyumba ile ilikuwa kama imepigwa na radi ikasahau kuanguka. Chiu-yen alienda kazini, akarudi, akaketi. Mara moja alisimama jikoni nusu saa nzima, bomba likitiririka, asijue alifuata nini. Bibi aliacha kukagua chochote. Alikuwa akipita mbele ya madhabahu ameinamisha uso, kama mtu aliyeiba huko.

Mwenye mashine ya barafu alipiga simu, akasikia habari, akakata bila kuaga. A-luan alileta supu ya kuku siku nne mfululizo.

"Yangu iache kwanza, wifi," alisema, akitazama pembeni. "Nani atamdai mtu aliyeporwa na kuzimu? Hata mimi naogopa."

Siku ya nane Bibi alipaka mkono sabuni, akavuta bangili yake ya dhahabu aliyovikwa na marehemu mumewe. Ilikuwa haijatoka miaka arobaini na tatu. Ilitoka na ngozi. Akaiweka mezani.

"Kesho A-luan aipeleke kwa sonara," alisema.

"Mama, hapana."

"Mkono ndio uliotia motoni. Mkono ulipe."

Na Yun-tsen? Msichana yule mpole alikonda. Usiku huo alimfuata mama yake uani, akasema, "Mama, kuna jambo. Unajua, labda zile noti…" Mama yake akamshika shavu: "Si wakati wa utani wako, mwanangu. Kalale." Akaenda kulala. Majirani walisema, tazama mtoto alivyo na uchungu na mamaye.

Kesho yake, Ijumaa, A-luan alikuja kuchukua bangili. Chiu-yen alikuwa anafunga maandazi ya nyama, mikono imejaa unga, simu ilipolia. Akaigusa kwa kiwiko na kuiacha iseme mezani, wote wasikie.

"Bi. Chiu-yen? Napiga kutoka maabara ya noti. Nimemaliza kulichunguza bunda lako. Kwanza nikupongeze, umelibeba vizuri. Halijavunjika."

Bibi alishika ukingo wa meza.

"Nimezibandua zote. Zinasomeka. Noti tisini na sita kamili."

A-luan alirusha mikono juu. Bibi alianza kulia. Chiu-yen akakaa chini, unga na yote, akisema ahsante, ahsante, ahsante.

"Tatizo," iliendelea ile sauti ya upole, "ni benki iliyozitoa."

"Benki gani?"

"Benki ya Kuzimu, Bi. Chiu-yen. Kila moja ni ya milioni mia. Zote zina sahihi ya Mfalme wa Wafu. Sisi hatuna utaratibu wa kuzibadilisha. Pole sana."

Simu ikakatika.

A-luan ndiye aliyeanza, tena kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa jambo la kutisha.

"Wifi. Ulilia mbele yangu kwa noti za wafu, za duka la ubani?"

"Niliziweka kwa mkono wangu, A-luan. Za kweli. Nakuapia…"

"Ukaunguza nyusi kabisa, ili nikuonee huruma! Mimi nikawa nakuletea supu. Supu, Chiu-yen! Kuku wanne! Ungeniambia tu huna, ningekutukana, yakaisha."

Chiu-yen alimgeukia Bibi. Bibi alikuwa ameifunika bangili kwa kiganja, akimtazama mkwewe kama anavyomtazama mtu wa kuuza vitu mlangoni. "Chiu-yen," alisema, "kweli umetufanyia hivi?"

Miezi kumi na sita ya maji ya moto, na sasa hata jina lilikuwa limeungua. Chiu-yen aliutazama unga mikononi mwake.

Hapa msimulizi alikuwa amekwishaandaa sentensi nzuri sana, yenye kueleza kwamba mizimu ina siri zake, na kwamba huenda wenyewe walibadilisha noti hizo kwa hekima isiyochunguzika. Ilikuwa sentensi ya kuvutia. Lakini Chiu-yen aliinua kichwa.

"Tisini na sita," alisema polepole. "Mwizi angechukua akaenda zake. Mizimu nayo ingechukua ikaenda zake. Nani anachukua noti tisini na sita, akaketi kuhesabu nyingine tisini na sita za uongo, moja moja, azirudishe pale pale? Ni mtu aliyetaka nizifungue. Mtu aliyetaka kucheka."

Akageuka kwenye mlango wa chumba, ambao nyuma yake palikuwa na mtu.

"Yun-tsen."

Ndipo nikatoka. Ni mimi. Ule upole na usomi nilijiongezea mwenyewe.

Nilipiga magoti hapo hapo kwenye unga. Nikasema nilitafuta karatasi kabatini nikalikuta bunda. Nikasema ulikuwa mzaha wa dakika kumi, Mama afungue mbele ya Shangazi akute amekuwa bilionea, nami nitokee na za kweli, tucheke wote. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango siku ile ili niuone uso wake. Niliuona. Baada ya kuuona sikuweza tena kutoka, na kila siku niliyonyamaza iliifanya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Hakuna aliyenipiga. Ningependelea wanipige.

"Ziko wapi?" aliuliza Mama.

"Kwenye kitabu cha hesabu."

"Zote?" aliuliza Shangazi A-luan, mkono tayari kwenye zipu.

"Tisini na tano, Shangazi," nikasema. "Noti za kuzimu nazo zinauzwa, nikavunja moja dukani. Chenji nilinunulia kuku wa kukaanga."