Nusu ya Maneno ya Daktari

Korodani ilipomvimba, Tobiko hakumwambia mke wala mtoto. Alimwonyesha Sironka tu, mwenzake wa rika, maana mtu wa rika lako humfichi mwili wala ng'ombe. Tangu umorani wao, hakuna aliyekunywa maziwa huku mwenzake akitazama tu. Basi mwaka uliofuata vita vya Kagera wakatoka Kakesio pamoja hadi hospitalini Karatu, Sironka akiwa mkalimani, kwa kuwa Kiswahili cha Tobiko kiliishia kwenye salamu na bei za mnadani.

Damu ilitolewa, ikapelekwa mjini. Majibu yaliporudi, daktari alieleza kwa kirefu. Sironka alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kimaasai:

"Damu yako haina neno."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Wasomi hao, ndugu yangu! Wanapenda kusikia sauti zao."

Tobiko akacheka, wakarudi nyumbani.

Masika hayajaanza, ya pili nayo ikavimba. Sironka alikuwa Enguserosambu kwa wakwe zake, kwa hiyo Tobiko alimeza aibu akaenda na bintiye Naipanoi, aliyemaliza darasa la saba. Daktari alipomwona alishika kichwa.

"Mbona hukurudi, mzee? Si nilieleza yote? Tulitafuta homoni ya mimba kwenye damu, maana uvimbe mwingine wa korodani huitoa hata kwa mwanamume. Kwako haikuwepo. Na wewe umepita sitini, ndiyo maana nikashuku kansa ya mitoki, zile tezi za mwilini. Nilitaka tuikate korodani ile mapema, tuipime, tuanze dawa. Sasa imesambaa."

Naipanoi alitafsiri lote, akilia. Tobiko hakulia. Ugonjwa angeuvumilia, kilichomchoma ni kwamba Sironka alisikia. Adui mtu hujikinga naye, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Sironka aliporudi akaja kuketi naye, kama siku zote.

"Walitaka kukukata," alisema baada ya kuulizwa. "Wewe, Tobiko, uitwe maksai mbele ya rika? Nilikusitiri."

"Nimehasi madume mangapi kwa mikono hii? Yanaishi, Sironka. Yananenepa. Ungeniuliza."

Naipanoi akawaletea kibuyu kimoja cha maziwa, kama alivyozoea. Tobiko akakipokea, akanywa taratibu akimtazama mwenzake usoni, mpaka kikaisha.