Laboratoire Ndani ya Telefone Tatu

Mimi, Kavuo, sipendi mutu anayesema haiwezekani kabla ya kujaribu. Nafundisha umeme kwenye shule moja hapa Mususa, na shule haina hata waya moja ya mazoezi. Donc nilitafuta kwenye internet, nikapata programu ya bure: unachora batri, waya na ampule kwa kidole, na ampule inawaka. Ukikosea, inaungua. Ukikosa titi la mama, nyonya la mbwa. Batoto bangu makumi tatu balizungushiana telefone tatu mwaka muzima. Séphora, binti wa balimaji ba kijiji cha Kipese, alichora hata kengele ya kulinda kuku, kitu ambacho mimi sikumufundisha.

Siku moja inspecteur Muyisa akafika kufunga section yetu ya umeme, kwa sababu hatuna laboratoire, chumba cha majaribio. Séphora alikuwa amebakiza mwaka mumoja tu. Section ingine ya umeme iko Beni, na papa yake alishasema wazi: kwa ile barabara ya hatari, hapana. Wakifunga, atarudi Kipese kulima.

Nikamuonyesha inspecteur telefone.

"Madame, huu ni muchezo."

"Basi, Papa Inspecteur, chagua mutoto mumoja, umupime."

Akamuita Séphora. Akaazima batri, ampule na waya mbili mpya kwa fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara, akaziweka juu ya meza. "Washa."

Séphora akafunga waya. Ampule ikabaki giza.

Hapo nikaona kosa, roho ikaniuma. Ndani ya telefone waya haina ngozi. Huyu mutoto alikuwa amefunga plastiki juu ya chuma, na kosa lilikuwa langu, si lake. Nikafungua mudomo.

"Madame, unyamaze," inspecteur akasema, kalamu mukononi.

Nilikasirika sana, mais nikarudi nyuma.

Séphora hakuniangalia. Akaanza kujisemesha kwa sauti. "Njia imezunguka yote. Umeme haipite. Donc kuna kitu katikati." Akapitisha kidole juu ya waya polepole, toka batri mpaka ampule, akafika kwenye ncha, akaigusa kwa ukucha. Akaiweka kwenye meno, akavua plastiki. Akafanya vile kwa ncha zote ine. Ampule ikawaka.

Inspecteur akamuuliza, "Nani alikufundisha kutafuta kosa hivi?"

"Mule ndani ya telefone niliunguza ampule zaidi ya mia, Papa. Niliogopa ile ya kwanza tu."

Akaandika muda mrefu. Kisha akanisomea: section iendelee. "Na wewe, Madame, bafundishe kuvua waya."

Nilikuwa na jibu lake tayari. Nililimeza, kisha nikalia mbele ya batoto bangu, bila haya yoyote.

Séphora akaniomba telefone, akapiga Kipese. "Papa, nabaki. Nitamaliza hapa."

Papa yake akamuuliza kama amekula.