Sauti ya Mume wa Mkunga

Saa nane mchana, fundi vitasa alikuwa akipaka grisi kitasa cha mteja, mkunga mstaafu alipotokea kwenye kiti cha karakana. Hakupitia mlangoni. Alivaa gauni la nyumbani na ndara moja, mkononi ana kijiko.

"Karibu, mama," fundi akasema, akasogeza spana zake.

"Ahsante. Namtafuta mume wangu. Ni marehemu, lakini sauti yake ilikuwemo kwenye simu yangu mpaka asubuhi."

Fundi akamtazama bintiye, aliyeinamia kompyuta pale kona. Binti akaifunga polepole.

"Umeingia kwenye akaunti ya mama huyu?"

"Ndiyo, baba. Wenzangu wa kundi la mtandaoni walisema siwezi."

"Wanakaa wapi hao?"

"Sijui. Hatujawahi kuonana."

Ujanani fundi naye alivunja nyumba za watu, naye aliponzwa na wenzake. Lakini wale walikuwa watatu, akiwajua mpaka mama zao. Mmoja alimwinamishia mgongo, akaukanyaga akapanda ukuta. Mwingine alimpelekea sabuni gerezani. Siku ya kuacha waliambiana uso kwa uso, wakalia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawa wa binti walikuwa elfu mbili, wote hewani. Utamfukuzaje mlangoni mtu asiye na miguu?

"Mrudishie," akasema.

Binti akajaribu. Neno la siri lilikwisha badilishwa, akaunti imepita mikono mingi, sauti zimefutwa. Alipouliza kundini, wakamtumia vikatuni vya makofi ya pongezi, mia nne kwa mpigo.

Mkunga hakulaumu. Alikoroga chai aliyopewa. "Basi nitakaa hapa kidogo. Kule nyumbani kumekuwa kimya mno."

Binti akavuta kigoda. Alikuwa ameisikiliza ile sauti kabla haijapotea. Akatazama chini, akasema taratibu: "Mke wangu, leo nachelewa. Wewe kula, usinisubiri."

Mkunga akafumba macho. "Hapo katikati alikohoa."

Binti akarudia, akakohoa.

"Hapo sawa, mwanangu."

Kufikia jioni wageni walikuwa saba, wote wakitafuta sauti zilizopotea, maana kule kundini kazi ya kuvunja akaunti za watu haikusimama. Fundi akaenda kuazima benchi kwa jirani, naye jirani akauliza tu kama moja litatosha. Binti akamgeukia mzee aliyekuwa amesimama karibu na mashine ya kuchongea funguo.

"Na wako, babu, alikuwa akisemaje?"