Kulwa, Doto na Mbuzi wa Msafara

Babu yangu Bernardo alimuua pacha wake Jumatatu alasiri, kwa mkate. Naanza na hilo kabla sijamtetea, maana sina hakika kama nitamtetea.

Ilikuwa kwenye gemu. Nina seva hapa nyumbani Cheyo, kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya friji, na humo wazee hawa wawili wamejenga njia nzima ya misafara ya zamani, kutoka Tabora hadi Ujiji, tofali moja moja. Babu anakaa mwanzo wa njia. Bibi Apolinaria, huyo pacha wake, ambaye kwa mwili yuko Bukene, ana kambi kando ya mto Malagarasi na anafuga mbuzi. Wote wana miaka sabini na mmoja. Babu alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo ni Kulwa. Bibi akafuata, ni Doto.

Wamenuniana tangu mama yao alipofariki, Babu akitaka azikwe Kigwa, Bibi akitaka Bukene. Alizikwa Kigwa. Miaka miwili sasa hakuna simu, hakuna salamu. Ila kila siku saa kumi wanaingia kwenye gemu, wanatembea bega kwa bega bila kuandikiana hata neno, wanapeana mkate, wanatoka. Huo ndio undugu uliobaki, nami nikaulinda kama yai: nilipanga seva ili mchezaji asiweze kumuumiza mwenzake.

Sasa Jumatatu, Babu akitafuta namna ya kumwongezea punda wake mbio, akabonyeza kitufe kinachofuta mipangilio yote. Mapigano yakaruhusiwa bila yeye kujua. Saa kumi akataka kumpa Bibi mkate, kidole kikateleza, akampiga nao. Bibi akatumbukia mtoni, akafa.

Ujumbe ulikuja kwangu, si kwake. "Advera, mwambie babu yako nimeshakufa mara moja, inatosha. Kesho saa kumi nikikuta gemu iko hivi hivi, siingii tena mpaka naingia kaburini."

Bibi akisema neno, halirudi. Usiku ule Babu hakugusa chakula, akasingizia jino.

Jumanne saa nane nikafungua msaidizi wangu wa akili mnemba. Huyu unamwandikia unachotaka, naye anaingia mwenyewe ndani ya kompyuta, anapekua mafaili na kukuletea. Nikamwomba anirudishie mipangilio ya zamani kutoka kwenye nakala za akiba.

"Hakiamkii hiki kitu?" Babu akauliza, akichungulia begani kwangu.

"Hakiamkii, Babu. Kaa."

Nakala zenyewe alizipa majina Babu, kwa desturi ya kwetu ya kumwita mtoto kwa namna alivyokuja duniani. Kabula ilihifadhiwa siku ya mvua. Kashinje ilikuja vibaya, kama mtoto aliyetanguliza miguu, na mpaka leo haifunguki. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi, tukahifadhi mara mbili, basi hao wakawa Kulwa na Doto. Iliyofuata mapacha ikaitwa Shija, ingeitwaje tena?

Msaidizi akajibu upesi: "Kulwa na Doto zote zinazuia mapigano, na zinakaribia kufanana kabisa. Napendekeza nirudishe Kulwa peke yake."

Nilikuwa nakaribia kukubali, mara wingu likaanza kudondosha matone. Nguo zilikuwa kambani. "Babu, usiguse kitu," nikasema, nikatoka mbio.

Akagusa. Mzee huyu ukimwambia asiguse, ni kama umemtuma. Niliporudi na rundo la nguo nilikuta ameshaandika, kwa kidole kimoja: "Pacha hawatenganishwi. Ukimleta mmoja, mlete na mwenzake." Msaidizi alikuwa amemwonya kwamba akirudisha zote mbili, baadhi ya amri zingejirudia, je, ana uhakika? Babu akamjibu: "Mimi mwenyewe ni Kulwa. Wewe una pacha?"

Na kazi ilikuwa imekwisha. Nilitamani kulia. Kwetu ukinunua kitenge cha pacha mmoja unanunua na cha mwenzake, nalijua hilo, lakini seva haivai kitenge! Nikajaribu kumpiga Babu kwenye gemu, haikuwezekana. Kidogo nikapumua. Saa kumi kamili Bibi akaingia.

Kumbe kila nakala ilikuwa na amri ya kuzalisha mbuzi, na sasa amri zilikuwa mbili, zinachocheana. Mbuzi akizaa, mtoto anazaa papo hapo. Kufumba na kufumbua, kambi ya Bibi ilijaa, njia ikajaa, mto ukaziba. Bibi akapanda juu ya paa. Mbuzi nao wakapanda. Akawachapa fimbo, wasisikie, maana nimekwisha sema: humo hakuna kuumizana.

Nikajua ndiyo basi, tumempoteza. Ndipo simu ya Babu ikaita mezani.

"Kulwa."

Babu akasimama wima, kama vile Bibi ameingia sebuleni. "Doto."

"Mbuzi wameingia mpaka kitandani kwangu. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilisema pacha hawatenganishwi."

Upande wa pili nilisikia mbuzi wa gemu wakilia, kisha Bibi akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya msiba. Babu naye akacheka mpaka akaketi.

"Miaka miwili hukunipigia, Kulwa."

"Na wewe je?"

"Nilikuwa nangoja mkubwa aanze."

Babu alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Kwenye skrini msaidizi akaandika: "Nimegundua kosa. Naweza kuondoa mbuzi wa ziada kwa sekunde tano. Niendelee?" Nikasogeza kidole kwenye kitufe. Babu akaniona, akaziba simu kwa kiganja.

"Mwambie angoje. Naongea na dada yangu."

"Babu, wanazidi kuzaana! Seva itazimika!"

"Waache wazaane."